Kariakoo: Mji wa Kulala Uliogeuka Duka

Eneo lenye biashara kubwa kuliko yote nchini Tanzania halikupangwa kuwa eneo la biashara. Kariakoo ilikatwa viwanja ili watu wapate pa kulala. Waliochora ramani yake walitaka makuli wa bandarini, wapishi, madobi na vibarua wa Dar es Salaam wajenge nyumba zao kando ya mji wenyewe, na soko moja la mboga, samaki na nazi liwatoshe. Maduka ya maana yalishapewa mahali pake, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, kuelekea bandarini. Leo mfanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka, Moroni au Bujumbura akisema anakwenda Dar kufunga mzigo, hazungumzii Mtaa wa Samora. Anazungumzia Kongo, Msimbazi, Narung'ombe na Sikukuu, mitaa ya Kariakoo ambako fremu moja nyembamba ya duka inagombaniwa na watu watano.

Namna duka lilivyovuka uwanja na kuhamia kule ambako halikutakiwa ni habari ndefu, na sehemu kubwa ya habari hiyo ni ya kuta: ukuta wa udongo, ukuta wa mawe, ukuta wa saruji, na nani aliruhusiwa kujenga upi, wapi.

Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipoanza kujenga mji kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, hakuacha kanuni zozote za ujenzi. Aliacha jumba, nyumba chache za mawe na mashamba ya minazi. Alipofariki mwaka 1870 kazi ikalala. Wajerumani walipokuja waliikuta bandari nzuri yenye mji mdogo uliochakaa, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo wakatoa amri ya ujenzi.

Amri ile iliugawa mji mafungu matatu. Upande wa mashariki, karibu na bahari na upepo wake, palijengwa nyumba za mtindo wa Kizungu peke yake. Fungu la pili lilikuwa la majengo ya vifaa imara, yaani mawe, chokaa na matofali, na humo ndimo walimokaa wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Fungu la tatu lilikuwa la nyumba za wenyeji: miti, udongo na makuti. Kigezo kilikuwa aina ya jengo, na hapo ndipo penye ujanja. Serikali haikuwa na haja ya kusimama mlangoni ikiuliza mtu ni wa kabila gani. Ilitosha kuuliza ukuta wake ni wa nini, kwa sababu ukuta wa mawe ulikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana nani anaimudu.

Baadaye daktari naye akaitwa kutoa ushahidi. Robert Koch, bingwa wa vijidudu aliyekuwa na jina kubwa duniani, alifanya utafiti wake wa malaria Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, na kuanzia mwaka 1901 Dkt. Ollwig akaongoza kampeni ya kupima damu za watu na kuwapa kwinini. Utafiti wenyewe ulikuwa wa kweli. Lakini kutokana na elimu hiyo, maofisa wa makoloni mengi walijifunza kusema jambo moja jepesi: mbu anatoka kwenye kibanda cha Mwafrika, kwa hiyo kibanda kisogezwe. Kupunguza madimbwi kuna gharama. Kuhamisha watu kuna gharama ndogo zaidi, hasa wanaohamishwa wakiwa hawana pa kulalamikia. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Wajerumani ilinunua shamba la Schoeller upande wa magharibi ili kujenga mji mpya wa Waafrika, uliotenganishwa na ule wa wenye maduka kwa uwanja mtupu. Jengo la soko likaanza kusimama. Kisha vita vikaja.

Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Kwenye eneo hilohilo waliweka kambi ya wapagazi wao, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa mji uliyabeba maneno hayo mawili na kuyashusha yakiwa Kariakoo, kama ulivyofanya Nairobi, ambako nako pana mtaa wenye jina hilo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi zaidi kwa kuhara, njaa na homa kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 serikali ilisimamisha Sanamu ya Askari katikati ya barabara iliyokuwa na maduka ya fahari kuliko zote. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Wapagazi walibaki na jina la mtaa wa vibanda, na ukihesabu kwa mizigo inayoingia na kutoka humo kila siku, mtaa wao ndio uliotajirika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waingereza waliichukua ramani ya Wajerumani, wakaisafisha kidogo na kuipa namba. Kanda ya Kwanza ilikuwa ya makazi ya mtindo wa Ulaya. Kanda ya Pili ilikuwa ya biashara na makazi kwa pamoja. Kanda ya Tatu ilikuwa ya nyumba za mtindo wa wenyeji. Watu hawakuhangaika na namba. Walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila aliyesikia alielewa.

Kwa nini serikali haikuandika rangi za watu waziwazi? Si kwa haya. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Uingereza iliitawala kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, na masharti ya udhamini yalikataza ubaguzi dhidi ya raia wa nchi wanachama. India, ingawa ilikuwa chini ya Uingereza, ilikuwa mwanachama. Mfanyabiashara wa Kihindi wa Dar es Salaam alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko, na Waingereza walilijua hilo. Nchini Kenya nako, Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliiacha rasmi sera ya kuwatenga Wahindi kwa makazi mijini. Kilichobaki ni kanuni za ujenzi. Hakuna mkutano wa Shirikisho huko Geneva ambao ungejadili unene wa ukuta au umbali wa choo kutoka jikoni.

Mwaka 1923 sheria ya ardhi ilitangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya usimamizi wa gavana, na kwamba mtu hupewa haki ya kuikalia tu. Mwaka huohuo jengo lile la Wajerumani la Kariakoo lilifunguliwa kuwa soko. Na katika miaka iliyofuata uwanja wa kutenganisha ukasafishwa. Waliokuwa na nyumba kati ya Uhindini na Kariakoo waliondolewa, wakapewa viwanja ng'ambo. Ndio uwanja wa Mnazi Mmoja. Zanzibar nayo ina Mnazi Mmoja yake, iliyo kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na jambo hilo halikutokea kwa bahati tu. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa kukagua Zanzibar, Uganda na Kenya mwaka mmoja kabla ya vita, alipendekeza miji igawanywe kwa namna hiyo, kila fungu na uwazi wake kando, na mawazo hayo yalizunguka pwani nzima kwa miaka mingi.

Sheria ilivuja tangu siku ya kwanza. Kisutu, kijiji cha nyumba za Waswahili, kiliendelea kuishi katikati ya Uhindini, kikizungukwa na maghorofa ya mawe, mpaka kilipobomolewa katika miaka ya 1970, Uhuru ukiwa umeshapita zamani. Uvujaji mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na haukuhitaji mtu kuvunja kanuni. Ulihitaji mlango mmoja.

Nyumba ya Kariakoo ilikuwa na sura moja, na wazee wa Dar wanaweza kuichora wakiwa wamefumba macho. Mbele pana baraza. Ukiingia, ukumbi mrefu unapita katikati hadi uani, na kila upande una vyumba vitatu. Uani kuna jiko, bafu, choo, na labda mwembe au mpapai. Kuta zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa udongo. Paa lilikuwa la makuti, baadaye likawa la madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vitano, na wakati mwingine mwenye nyumba huyo alikuwa mwanamke. Nyumba ilikuwa yake, ila kiwanja kilikuwa cha serikali. Alikilipia kila mwaka, na hati ya muda mrefu hakuwa nayo. Hata angekuwa nayo, kukopa kulikuwa na kizingiti kingine: sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia Waafrika kukopeshwa iliweka masharti kwamba deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika haliwezi kudaiwa mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali. Walioitunga walisema wanawalinda wenyeji wasinyonywe. Matokeo yake ni kwamba mwenye benki hakuwa na sababu ya kumpa mkopo mtu ambaye hawezi kumshtaki.

Basi mtu asiye na mkopo wala hati alifanya alichoweza. Chumba cha mbele kilichotazama mtaa kilitobolewa mlango wa pili, upande wa nje. Sasa kilikuwa duka. Wakati mwingine mwenye nyumba aliuza humo mwenyewe: chumvi, sukari ya kupimwa, mafuta ya taa, sigara moja moja. Mara nyingi zaidi alikipangisha kwa Mhindi au Mwarabu aliyeona kwamba wateja wake wako upande huu wa uwanja na kodi ya Uhindini inamshinda. Barazani, mama alikaanga vitumbua na mandazi alfajiri kabla makuli hawajashuka bandarini. Kanda ya Tatu ilikuwa inafanya kazi ya Kanda ya Pili, na ramani ilikuwa bado haijaambiwa.

Mtaa ule haukuzaa maduka tu. Chama cha Waafrika wa Tanganyika kilikuwa na ofisi yake kwenye mtaa ulioitwa New Street, ukingoni kabisa mwa Kariakoo, ukitazamana na uwanja wa Mnazi Mmoja. Hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mtaa huo sasa ni Lumumba, na mpaka leo mtu akitaka kuzungumzia makao ya CCM, chama kilichoirithi TANU, jijini husema "Lumumba" tu, akaeleweka. Uwanja uliowekwa ili kuwatenga watu uligeuka kuwa mahali walipokusanyikia kusikiliza hotuba.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulifura. Hesabu ya mwaka 1957 ilikuta watu karibu 129,000. Serikali iliajiri kampuni ya wahandisi ya Alexander Gibb ya London, na mpango wao wa mwaka 1949 ulikuja na lugha mpya. Kanda zile tatu hazikutajwa tena kwa mitindo ya Ulaya na ya wenyeji. Sasa palikuwa na maeneo ya watu wachache, maeneo ya watu wa wastani na maeneo ya watu wengi. Msasani na Oysterbay zikawa za watu wachache. Upanga ikawa ya wastani. Magomeni, Temeke, Ilala na Kinondoni zikawa za watu wengi. Aliyejua Uzunguni, Uhindini na Uswahilini vilikuwa wapi hakuhitaji mkalimani. Istilahi hizo tatu zimeendelea kutumika katika mipango miji ya Tanzania baada ya Uhuru, na hata leo mtu anayenunua kiwanja huulizwa anataka cha aina gani kati ya hizo.

Uhuru ulibadili majina ya mitaa upesi kuliko mambo mengine. Barabara ya migunga, ambayo Wajerumani waliiita Unter den Akazien na Waingereza Acacia Avenue, iliitwa Independence Avenue, kisha Samora. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956, iliyotungwa na wakoloni, iliendelea kutumika hadi ilipofutwa na sheria mpya mwaka 2007. Kwa miaka zaidi ya arobaini, nchi iliyojitawala ilipima viwanja kwa rula ya gavana. Mipango mikuu miwili ya jiji, wa mwaka 1968 na wa mwaka 1979, ilichorwa na makampuni ya Canada.

Kilichotikisa katikati ya mji hakikuwa mpango wa mchoraji yeyote. Kilikuwa sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo. Kila jengo la kupangisha lenye thamani inayozidi shilingi 100,000 lilichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Maghorofa ya Uhindini, mengine yakiwa na jina la familia na mwaka wa kujengwa vilivyochongwa juu kabisa ya ukuta wa mbele, yalibadilika mikono kwa siku chache. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini, kwenda Uingereza na Canada. Waliobaki wakawa wapangaji katika nyumba walizojenga baba zao.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaoandika juu ya mji huu hawalipi uzito wake. Nyumba ya udongo ya Kariakoo haikufikia shilingi 100,000. Haikuwa hata karibu. Kwa hiyo, ukiacha majengo machache ya ghorofa, sheria ya 1971 iliivuka Kariakoo bila kuigusa. Kanuni za wakoloni zilizomlazimisha mwenyeji kujenga kwa udongo zilimwachia, bila kukusudia, nyumba ambayo serikali haikuiona kuwa na maana ya kuitwaa. Uhindini, mwenye jengo alikuwa shirika, kodi ilikuwa ndogo na ya kupangwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kukarabati, na chumba kilihama kutoka kwa mpangaji mmoja hadi mwingine kwa kilemba kilicholipwa chini ya meza. Kariakoo, mwenye jengo alikuwa bibi fulani aliyekaa barazani. Mtu akitaka kununua, alijua amwendee nani. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua biashara itakwenda wapi siku itakapofunguliwa.

Wakati huo biashara ilikuwa imefungwa. Serikali ilijenga soko jipya pale lilipokuwa la Wajerumani, na ilijenga vizuri. Msanifu wake alikuwa Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na paa lake la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, linalokusanya maji ya mvua, bado ni kati ya kazi nzuri kuliko zote jijini. Mwalimu Nyerere alilifungua mwezi Desemba 1975. Lilikuja na orofa ya chini ya ardhi, na nafasi ya kila kitu isipokuwa bidhaa zenyewe: miaka michache baadaye nchi iliingia katika uhaba wa sabuni, sukari, unga na mafuta, na mwaka 1983 ikaja vita ya serikali dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakitupa magunia ya bidhaa usiku ili wasikutwe nazo.

Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyofungua mlango. Iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje bila kuulizwa fedha hizo alizipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu. Makontena yakaanza kushuka: vitenge, redio, betri, sahani za melamini, mitumba kwa marobota. Bidhaa zilihitaji mahali pa kukaa, na mahali penye nyumba za watu binafsi, zenye chumba cha mbele kilichokwisha kutobolewa mlango, palikuwa Kariakoo tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilikubali hali halisi. Mpango wa kuiendeleza upya Kariakoo uliruhusu maghorofa marefu pale palipokuwa na nyumba za chini, na ramani ikapakwa rangi ya biashara iliyokwisha kuota yenyewe. Namna ghorofa linavyozaliwa imezoeleka. Warithi wa nyumba ya zamani wana kiwanja na hawana fedha. Mwekezaji ana fedha na hana kiwanja. Wanaandikiana mkataba. Nyumba inavunjwa, ghorofa linapanda, warithi wanapewa sakafu kadhaa na mwekezaji anabaki na nyingine kwa miaka waliyoafikiana. Orofa za chini zinakatwa fremu, nyingine hazizidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Juu yake ni stoo, juu ya stoo ni gesti au vyumba vya familia. Wapo waliouza moja kwa moja wakahamia Mbagala, Tabata au Kigamboni, na wapo waliogombana mahakamani mpaka kizazi cha pili.

Kiwanja, ikumbukwe, ni kilekile cha vyumba sita na ukumbi. Kilikatwa kwa ajili ya nyumba ya chini yenye uani, katika mtaa wa watu waendao kwa miguu. Sasa kinabeba ghorofa linalojaza kila kona yake, lisilo na pa kuegesha gari wala pa kushushia mzigo, na ndio maana mzigo unashushwa barabarani, na vijana wa mikokoteni wanapita katikati ya abiria wanaokimbilia kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Msimbazi. Mpango uliongeza orofa bila kuongeza upana wa mtaa. Ofisa yeyote wa mipango miji atakuambia kwamba hivyo ni vitu viwili vinavyopaswa kwenda pamoja. Kimoja, hata hivyo, kinalipiwa na mwekezaji na kingine na serikali.

Gharama imekwisha kuonekana. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, ndani ya Uhindini ya zamani, liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, saa za asubuhi wateja wakiwa wamejaa, jengo la Kariakoo likaanguka. Watu zaidi ya 20 walikufa, na waokoaji walikaa siku kadhaa wakizungumza kupitia matundu na walionaswa chini ya zege, wakiwapelekea maji na hewa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo yote ya eneo hilo. Kwamba tume iliundwa baada ya ajali ni dalili kwamba kibali cha ujenzi, karatasi ambayo mfumo mzima tangu 1891 umeegemea juu yake, kilikuwa kimekoma kumwambia mtu chochote kuhusu jengo lililoko mbele yake.

Kuna kundi moja ambalo kanuni za kuta haziwezi kulipata, kwa kuwa halina kuta. Machinga anatandika turubai lake kwenye ukingo wa barabara, mbele ya fremu ambayo mwenye duka anailipia kodi ya mamilioni, na anauza kitu kilekile kwa bei ya chini, mara nyingi akiwa amekichukua kwa mkopo kutoka fremu hiyohiyo. Serikali imejaribu kila njia. Ilijenga jengo zima la Machinga Complex huko Ilala, lililokamilika mwaka 2010, na kwa muda mrefu vizimba vyake vilikaa vitupu kwa sababu mteja hapandi ngazi kutafuta soksi. Mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo, na kwa miaka michache mwenye kitambulisho shingoni aliuza popote. Oktoba 2021 Mkoa wa Dar es Salaam uliwaondoa barabarani na kuwapangia maeneo maalumu. Mgambo walivunja vibanda, mitaa ikaonekana tena. Wengi wamerudi tangu hapo, kwanza jioni, kisha mchana.

Soko la Amuli liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Biashara haikuhama hata wiki moja. Ilisogea mitaa ya pembeni. Februari 2025 mkoa ukazindua biashara ya saa 24 Kariakoo, taa na kamera zikafungwa, na wazo la mtaa wa kulala likawa limekwisha kabisa.

Mwezi Julai 2025 ikatoka amri nyingine, safari hii si ya kuta. Amri ya leseni za biashara iliorodhesha kazi 15 ambazo mtu asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kuzifanya, kuanzia biashara ya jumla na rejareja hadi uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni isiyokuwa hotelini. Malalamiko yaliyoisukuma yalitoka kwa wenye maduka wa Kariakoo, waliosema wageni, hasa Wachina, wanauza moja moja kile wanachokiingiza kwa makontena. Waingereza wa miaka ya 1920 waliizunguka rangi na uraia kwa kuandika habari za matofali. Amri hii inataja uraia kwenye mstari wa kwanza. Upande wa Kenya palizuka manung'uniko mara moja, maana raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao wamo miongoni mwa wasio raia. Na kwenye fremu za Msimbazi ikaanza kazi ya kuangalia ukutani, palipotundikwa leseni: jina lililoandikwa ni la nani, aliyeajiriwa kukaa nyuma ya kaunta ni nani, na mzigo ulioko stoo, orofa tatu juu, umelipiwa na akaunti ya nani. Amri inamwadhibu pia raia anayemwazima mgeni jina lake, kwa faini au kifungo. Wakaguzi wa leseni hawakuhitaji kuelezwa kwa nini kifungu hicho kiliwekwa.